Mpira Ukiingia, Kazi Haijaisha

Katika miji yetu miwili ya nyanda za juu za Kigoma, Kasulu na Kibondo, na katika vituo vidogo vilivyo baina yao, imeenea kauli moja ambayo husemwa kwa wepesi na kuaminiwa kwa uzito, na ambayo mimi, baada ya kuiona kwa miaka kadhaa ikitenda kazi majikoni mwa watu, nimeona si haki tena kunyamaza mbele yake. Kauli yenyewe ni hii: mpira ukiingia, kazi imekwisha. Maana yake ni kwamba mtu akinunua mtungi wa gesi duka hili na jiko duka lile, sharti linalobaki ni moja tu, nalo ni kupata mpira utakaoshika ncha zote mbili. Ukishika, basi jiko limeukubali mtungi na mtungi umelikubali jiko. Husema hivyo muuza duka, husema hivyo fundi, na mwenye nyumba, ambaye ndiye atakayelala na mtungi huo chini ya paa moja pamoja na watoto wake, huitikia na kulipa.

Insafu inamtaka mtu anayepinga rai ya wengi aitaje kwanza rai hiyo kwa ukamilifu wake, asiipunguzie nguvu ili apate kuishinda kwa urahisi. Wenye kauli hii wana hujja tatu. Ya kwanza ni kwamba gesi ni gesi: iliyomo katika mtungi mdogo wa kilo 6 ndiyo iliyomo katika mtungi wa kilo 15 na katika ule mkubwa wa kilo 38, imekuja nchini kwa meli zile zile, na moto wake ni mmoja; basi ni jiko gani litakaloikataa? Ya pili ni ushahidi wa macho: jiko limeunganishwa, njiti imewashwa, moto umeshika, chai imechemka. Ya tatu ni hujja ya mfuko: regyuleta sahihi, mpira sahihi na klipu zake ni vitu vya kununuliwa, na aghalabu havipatikani dukani siku ile vinapohitajiwa, ilhali bei ya mtungi wenyewe imekwisha kumchosha mnunuzi. Hizi si hujja za wapumbavu, na wanaozitoa si watu wabaya; lakini zote tatu ni batili, nami nitazijibu moja moja.

Nianze na ile ya kwanza. Ni kweli kwamba gesi ni gesi, lakini kauli ya kweli yaweza kutumiwa kuthibitisha jambo la uongo. Gesi yetu ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani, vitu viwili ambavyo katika hewa ya kawaida hupaa, na ambavyo vikibanwa ndani ya chuma hugeuka maji. Ndiyo maana ukiutikisa mtungi wasikia kitu kikicheza ndani kama maji ndani ya kibuyu. Maji hayo hayakuridhika kufungwa. Kwa joto la nyuzi 25, ambalo mchana wa Kasulu hulifikia bila taabu, propani safi husukuma kuta za mtungi kwa nguvu ambayo, tukiipima kwa kimo cha maji yaliyosimama ndani ya bomba, ingehitaji bomba la kimo kinachopita mita 80. Na butani safi, iliyo mpole zaidi, ingehitaji bomba linalopita mita 10. Mchanganyiko wetu umo baina ya viwili hivyo. Sasa litazame jiko la plati mbili lililo mezani pako. Jiko hilo limeundwa lipokee gesi inayosukuma kwa nguvu ya kimo cha maji cha sentimita 30 hivi, yaani urefu wa rula ya mwanafunzi wa shule ya msingi. Baina ya rula hiyo na mnara wa makumi ya mita pamesimama kitu kimoja tu, kidogo kama ngumi, nacho ni regyuleta. Kazi yake ni kuipokea nguvu ya mtungi, ambayo mchana wa jua huwa kubwa na asubuhi ya baridi ya Juni huwa ndogo, na kuitoa upande wa pili ikiwa imepozwa na kusawazishwa, kipimo kile kile tangu siku mtungi unapofunguliwa hadi siku unapokaribia kwisha.

Hapo ndipo mpinzani wangu huinua kidole na kuuliza swali analoliona halina jawabu: mbona mtungi mdogo wa kilo 6 hauna regyuleta, nao unapika maharage kila siku katika nusu ya nyumba za mji huu? Jawabu lipo, nalo linaibomoa kauli yake badala ya kuijenga. Kichwa cha jiko kinachokazwa juu ya mtungi mdogo kimetengenezwa kwa ajili ya nguvu ya mtungi yenyewe: nozeli yake ina tundu jembamba mno, na valvu yake ya mkono ndiyo inayoipima gesi kabla haijafika motoni. Kichwa kile na mtungi ule vilikusudiwa kuwa pamoja tangu kiwandani. Jiko la plati mbili halikukusudiwa hivyo. Tundu zake ni pana kwa kuwa lilitarajia gesi iliyopozwa, na mtu anayetoa kichwa cha mtungi mdogo akatia mpira mtupu kuelekea jiko hilo amefungulia mto wa masika katika mfereji wa bustani. Utulivu wa mtungi mdogo, basi, unathibitisha kwamba kila jiko lina kipimo chake, wala hauthibitishi kwamba kipimo si kitu.

Kuna kisa nilichokishuhudia mwenyewe, nami nakieleza kwa sababu kosa lake lilikwenda kinyume cha lile nililolitaja, na kwa hiyo linaonyesha kwamba kauli hii hudanganya pande zote mbili. Tangu ilipofunguliwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, mwaka 1996, na tangu kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, ilipofunguliwa tena kwa ajili ya wakimbizi kutoka Burundi mwaka 2015, miji yetu imezoea kuishi na wafanyakazi wa mashirika wanaotoka nchi za mbali, ambao mikataba yao ikiisha huuza vyombo vyao na kwenda zao. Jirani yangu, ambaye huuza nyama choma jioni, alinunua kwa mmoja wao jiko la kuchomea nyama la gesi, zuri, la chuma kisichoshika kutu, lenye regyuleta yake iliyofungwa kwenye shingo ya jiko lenyewe. Fundi aliitwa. Akaona kinywa cha regyuleta ile hakifanani na kinywa cha mtungi wetu wa kilo 15, akaikata ncha yake, akatia mpira, akaupeleka mpira huo kwenye regyuleta ya kawaida ya hapa, ambayo tayari ilikuwa juu ya mtungi. Mpira uliingia. Mimi niliuliza kama regyuleta mbili si nyingi, naye akanijibu kwa adabu, "Mwalimu, mbili ni usalama zaidi. Mpira ukiingia, kazi imekwisha."

Moto uliowaka ulikuwa kama wa koroboi. Nyama ilikaa saa nzima ikatoka jasho tu, na wateja wakaondoka. Fundi akasema gesi ya huku ni dhaifu kwa sababu ya milima. Kisha, ili kuutibu udhaifu huo, akazitoa nozeli za jiko na kuzipanua kwa waya wa spoki ya baiskeli. Ugonjwa hasa ulikuwa mwingine. Regyuleta ya pili iliumbwa ipokee nguvu kubwa ya mtungi, na tundu lake la ndani lilipimwa kwa nguvu hiyo. Ikipelekewa gesi iliyokwisha pozwa na regyuleta ya kwanza, haipitishi kiasi cha kutosha, kama vile mtoto asivyoweza kunywa uji mzito kwa bua jembamba. Wiki mbili baadaye mtu mwingine, mwenye akili ya kuona kwamba moja katika zile mbili inazuia, aliiondoa ile ya mtungini; na nozeli, ambazo sasa zilikuwa pana kupita hesabu ya mtengenezaji, zikapokea gesi kwa wingi ambao hazikuumbiwa. Moto uliruka hadi kwenye dari la mabati. Jirani yangu aliunguza nyusi na mkono wa kulia, naye kwa rehema za Mungu yu hai, lakini jiko lile limewekwa stoo na hata leo haligusi.

Wala hili si tatizo la milima ya Kigoma peke yake, kana kwamba sisi tumezaliwa na bahati mbaya. Huko Marekani na Ulaya kuna watu wasafirio kwa magari ambayo ndani yake mna kitanda, jiko na friji, yaani magari-nyumba. Gari kama hilo huwa na tangi au mitungi ya propani, na karibu yake huwa na regyuleta inayoishusha nguvu ya gesi hadi kimo cha maji cha sentimita 28 hivi, kisha bomba hupita chini ya sakafu kwenda kwenye jiko la ndani na kwenye kipasha maji. Na magari mengi yana kinywa ubavuni ambacho msafiri aweza kukiunganisha na jiko la kuchomea nyama akipumzika nje. Wasafiri wengi hubeba majiko yaliyotengenezwa kwa ajili ya vimtungi vidogo vya nusu kilo, majiko yenye regyuleta zake shingoni, nao huyaunganisha na kinywa kile cha ubavuni ambacho gesi yake imekwisha pozwa. Matokeo ni yale yale ya jirani yangu wa Kasulu: moto wa koroboi. Mafundi wao waliokwisha kuielewa shida hiyo hutoa hukumu moja. Ama msafiri anunue jiko lililoumbiwa nguvu ndogo, lisilo na regyuleta yake, au aondoe regyuleta ya jiko pale muundo wa mtengenezaji unaporuhusu. Asiziweke zote mbili kwa mfululizo, na asithubutu kulipeleka jiko la nguvu ndogo kwenye tangi bila regyuleta hata moja. Watu wale wana barabara za lami na maduka kila kona, na bado mpira ulioingia uliwadanganya. Yako majiko makubwa ya shule na hoteli ambayo gesi hupozwa kwa hatua mbili, lakini hatua hizo hupangwa na mtaalamu kwa hesabu, moja ikiikabidhi nyingine kile hasa inachokihitaji; hazitokani na fundi aliyekosa kinywa kinachofanana.

Nije kwenye hujja ya pili, ya kwamba moto umewaka na chai imechemka. Moto ni shahidi, sikatai, lakini ni shahidi anayepaswa kuulizwa maswali, asiaminiwe kwa kuhudhuria tu. Moto wa gesi ulio sawa ni wa samawati, umetulia, na hukaa juu ya tundu zake bila kuruka wala kujificha. Moto wa manjano unaopaka sufuria masizi unasema kwamba gesi imezidi hewa, na moto wa namna hiyo katika chumba kilichofungwa waweza kuzaa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Moto unaojiinua ukaachana na bana yake unasema kwamba nguvu imezidi. Fauka ya hayo, yako mambo ambayo moto hauwezi kuyashuhudia kabisa, kwa kuwa hutokea mahali pasipo na moto. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, propani kwa takriban mara moja na nusu na butani kwa karibu mara mbili. Ikivuja kwenye maungio haipandi ikatoka dirishani, bali hushuka, hutambaa sakafuni na kujikusanya chini ya meza na chini ya kitanda. Nyumba zetu za matofali ya kuchoma, tulizozijenga na madirisha madogo kwa sababu ya baridi ya usiku, huihifadhi gesi hiyo kama ghala lihifadhivyo nafaka, na sehemu 2 tu za gesi katika sehemu 100 za hewa zatosha kushika moto. Chai huchemka jioni kwa salama kabisa, na mpira ule ule ukavuja usiku kucha. Kisha alfajiri mama akaja na kiberiti.

Nimeiona mipira hiyo, na namwomba msomaji aitazame ya kwake leo kabla ya magharibi. Nimeona mpira wa kumwagilia maji bustanini ukifanya kazi ya mpira wa gesi, umekauka na kupasuka kama midomo ya mtu mwenye homa, kwa maana mpira wa maji haukutengenezwa kustahimili gesi hii. Nimeona mahali pa klipu pamefungwa utepe wa mpira wa ndani wa baiskeli, umezungushwa mara tano na kupigwa fundo. Kipimo cha kulijua jambo hili hakina gharama: chukua maji yenye povu la sabuni, fungua mtungi huku jiko likiwa limezimwa, paka kila mahali panapokutana vitu viwili, povu likivimba, hapo pana uvujaji. Asitumie mtu kiberiti kuutafuta uvujaji, maana kiberiti kitamtafuta yeye.

Hujja ya tatu ni ya mfuko, nayo ndiyo ninayoiheshimu zaidi, kwa sababu umaskini si dhambi na mtu hawezi kununua kisichokuwapo dukani. Lakini tufanye hesabu kwa uadilifu. Regyuleta hukaa miaka. Mpira hukaa miaka michache. Ilhali mtungi hujazwa tena na tena, na thamani ya mjazo mmoja baada ya mwingine huipita mbali thamani ya regyuleta na mpira na klipu mbili vikijumlishwa. Anayeokoa fedha kwenye kiungo kilicho rahisi ili ailinde fedha aliyoiweka kwenye kitu kilicho ghali, hakika ameokoa mkia akapoteza ng'ombe. Na kama bidhaa sahihi haipo dukani, sababu yake ni kwamba hakuna anayeiulizia, na hakuna anayeiulizia kwa kuwa ameambiwa mpira ukiingia kazi imekwisha. Kauli hii inazaa uhaba, kisha inautumia uhaba huo kama hujja yake.

Sasa niseme kwa nini jambo hili laonekana dogo nami naliona kubwa. Wilaya zetu zimekula misitu yake kwa kuni na mkaa. Anayepita Makere, jirani na Nyarugusu, anaona kwa macho yake miti ilivyosogea mbali na njia, na wanawake, wa kambini na wa vijijini, wamekwenda mbali zaidi mwaka hata mwaka kutafuta kuni, na njiani wengine wamepatwa na mabaya wasiyostahili kupatwa nayo. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilijaribu kuwapa baadhi ya kaya za Nyarugusu majiko ya gesi kwa sababu hiyo. Serikali iliziagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa ifikapo Januari 2024, na mwezi Mei mwaka huo huo ikazindua mkakati wa taifa unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo mwaka 2034. Makusudi haya ni mema nami nayaunga mkono kwa moyo wote. Lakini kila nyusi iliyoungua inasimuliwa sokoni kwa miezi, na kila anayeisikia hurudi nyumbani akiwa na imani kwamba gesi ni bomu, akaongeza mzigo wa kuni nyuma ya nyumba. Anayehubiri kwamba gesi ni bomu na anayehubiri kwamba mpira ukiingia kazi imekwisha hudhani wao ni maadui, ilhali wa pili ndiye anayempatia wa kwanza ushahidi wake. Adui wa jiko la gesi hapa kwetu ni maungio mabaya. Gesi yenyewe haina taksiri.

Basi nasaha yangu ni hii. Wauzaji wa gesi, ambao hupewa leseni na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na ambao wametakiwa wawe na mizani ya kupimia mtungi mbele ya mnunuzi, wasiuze jiko bila kumwambia mnunuzi ni regyuleta gani iliyoumbiwa jiko hilo, na waweke dukani mipira na klipu zinazostahili, hata kama faida yake ni ndogo. Vyuo vya ufundi vya mkoa wetu viwafundishe vijana kuunganisha gesi kama vinavyowafundisha kuunganisha umeme, kwa maana hakuna mzazi wa Kasulu anayekubali nyaya za umeme zifungwe kwa utepe wa baiskeli. Mafundi walioko tayari, ambao wengi wao ni vijana wenye bidii na mikono mizuri, wasione haya kusoma namba iliyoandikwa mgongoni mwa regyuleta na ile iliyoandikwa ubavuni mwa jiko, na zisipoafikiana waseme wazi: hapana, hivi havifai kuwa pamoja.

Nawe, ndugu yangu unayesoma ukiwa Murubona au Kibondo mjini, siku utakapounganishiwa jiko usilipe kabla hujauliza mambo matatu: jiko hili linataka gesi ya nguvu gani, regyuleta iliyo baina yake na mtungi ni moja na ni ya nguvu hiyo, na maungio yamepakwa sabuni mbele ya macho yangu? Ukijibiwa yote matatu, washa moto wako na umshukuru fundi. Ukijibiwa kwamba mpira umeingia, funga mtungi na umwambie kazi haijaisha.